Daftari la Abiria: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Njia za Nyunzu

Kwa waheshimiwa wakuu wa Jimbo la Tanganyika na wa Wilaya ya Nyunzu. Kwa masultani na wazee wa vijiji vilivyo kandokando ya njia. Na kwa viongozi wa vyama vya madereva wa pikipiki wa Nyunzu, Kalemie, Kabalo na Kongolo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia waraka huu hadharani, si faraghani, kwa sababu haja niliyo nayo haimhusu mtu mmoja wala ofisi moja, bali yawahusu wote waliokabidhiwa njia zetu, kila mmoja kwa fungu lake. Na jambo la wengi likiandikiwa mmoja huishia sandukuni mwake, wengine wote wakidhani limekwisha kushughulikiwa. Haja yenyewe ni ndogo, nami nitaitaja mapema ili msomaji asichoke kuitafuta: naomba kila abiria apandaye pikipiki hapa Nyunzu kwenda safari ya mbali aandikwe jina lake, na aendako, na saa aliyoondoka, katika daftari litunzwalo pale anapopandia, na asipofika kwa wakati uliotazamiwa, pawe na mtu ambaye ni wajibu wake kuuliza, na baada ya kuuliza, kutuma watu wakamtafute.

Nyunzu mwaijua, wala si kazi yangu kuwafundisha wenyeji habari za kwao. Lakini barua ya wazi husomwa na wageni pia, basi wenyeji na waniwie radhi nikisema machache. Wilaya yetu ni mojawapo ya sita zilizounda Jimbo la Tanganyika lilipotengwa na Katanga mwaka 2015, nyingine zikiwa Kalemie, Moba, Manono, Kabalo na Kongolo. Nayo imekaa bara, baina ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba, katika nchi ya Lukuga, mto ule utokao ziwani ukaelekea magharibi. Reli ya kutoka Kabalo mpaka Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville, ilimalizika mwaka 1915 kwa urefu wa kilomita 273, nayo yapita Nyunzu na Niemba. Ila garimoshi siku hizi halina ahadi, na malori, masika yakishika, hukaa matopeni mpaka wapakizi wao wakajenga vibanda. Kilichobaki ni pikipiki. Juu ya kiti chake kirefu hupita mwalimu na mshahara wake, muuguzi na sanduku la baridi la chanjo, mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, mchuuzi wa samaki wakavu wa ziwani, mchimba dhahabu na sururu yake, na hata maiti aliyeviringishwa katika mkeka, akafungwa nyuma ya dereva arudishwe kwao kuzikwa. Mafuta hununuliwa kwa chupa kwa wale wauzaji wa kando ya njia tuwaitao makadhafi, na chupa ya mwisho ikisha kupita, aliye mbele ni Mwenyezi Mungu na pori lake.

Mtu aliyezoea kusikia habari za majangwa, kama Chalbi ya Kenya ya kaskazini au Rub al-Khali ya Arabuni, ataona ajabu nikisema kuwa hatari ya kule na ya huku ni moja, ilhali kwetu mvua yanyesha na miti imeshikana. Lakini kimwuacho msafiri aliyeanguka si kiu peke yake. Ni kukosa binadamu. Tangu uhasama wa makabila mawili jirani, Watwa na Waluba, ulipozuka mwaka 2013, ukazidi ukali mwaka 2016 na 2017, vijiji vingi vilihama kwa khofu vikaenda kukaa karibu na miji au na kambi, na si vyote vilivyorudi. Hata utapita mahali utakapoona miembe iliyopandwa kwa mstari, dalili ya kuwa palikuwa na watu, na chini yake maembe yameoza kwa kukosa mtoto wa kuyaokota. Simu hapo haishiki mtandao. Mtu akianguka mahali kama hapo, uzito wa ajali haupimwi kwa jeraha lake bali kwa muda utakaopita kabla hajatokea mpita njia.

Na ajali yenyewe haina budi kutokea, maana pikipiki iliyobeba mtu mmoja na ile iliyobeba wawili si chombo kimoja. Uzito wa abiria na mzigo wake huegemea gurudumu la nyuma, hata gurudumu la mbele, ambalo ndilo liongozalo, likawa jepesi na kukosa mshiko; breki huhitaji masafa marefu zaidi ya kukisimamisha chombo; na abiria aliyeingiwa na hofu, akajivuta upande ulio kinyume cha dereva katika kona, humpokonya usukani pasipo kuugusa. Katika michirizi ya malori, ambamo kiangazi huacha mchanga laini kama unga, dereva aliye fundi haminyi breki ya mbele, bali hushikilia mwendo wake kwa kiasi asije akazama. Na penye madaraja ya magogo humteremsha abiria avuke kwa miguu. Haya madereva wetu wayajua, wala siandiki kuwalaumu: wengi wao ni vijana ambao chuo chao kilikuwa kuanguka, na wanaotushikilia uhai wa wilaya hii kwa mikono miwili na cheni iliyochakaa.

Yaliyonipata mimi ni ya kawaida, na kwa kuwa ni ya kawaida ndiyo maana yafaa kusimuliwa. Nilikuwa abiria, wakati wa kiangazi, njia ikielekea kaskazini ya mji, na dereva wangu alikuwa kijana mwenye adabu na mkono mwema. Mahali ambapo moto wa nyasi ulikuwa umekwisha kupita, kisiki kilichofunikwa na majivu kilishika gurudumu la mbele. Mimi nikarushwa kando, yeye akabaki chini ya chombo, mfupa wa mguu wake ukavunjika chini ya goti, na bomba la moshi likamwunguza shavu la mguu kabla sijawahi kuinyanyua pikipiki. Ikawa sisi wawili tumegawana safari moja: yeye aliijua njia asiweze kusimama, nami niliweza kusimama nisiijue njia. Chombo hakikuwa na kasoro kubwa, lakini mimi sikupata kuendesha pikipiki maishani mwangu. Nilimfunga mguu kwa fito na kitambaa, nikamnywesha maji kidogo kidogo, tukakoka moto, tukalala papo hapo tukingoja mpita njia.

Waliotuokoa hawakuwa wapita njia. Walikuwa wawindaji wa Kitwa, ambao waliona kwa mbali moshi wetu ukipanda mahali ambapo nyasi zilikwisha kuungua, wakajua ya kuwa moto uwakao juu ya majivu hauna budi kuwa na mtu pembeni yake. Wakakata miti, wakafuma machela kwa kamba za magome, wakambeba kijana kwa zamu mpaka zahanati iliyokuwa karibu, nami nikafuata nyuma na vifurushi. Kijana alipona, ingawa anachechemea.

Sasa yatazameni, waheshimiwa, yaliyokuwa yakipita mjini wakati uo huo. Mwenye pikipiki, aliyekuwa akingoja malipo yake ya jioni, aliona giza laingia na chombo hakirudi. Akaenda mbio kutoa habari ya kuwa dereva amemtoroka na mali yake, hata niliporudi nikaambiwa kuwa kutafutwa tulitafutwa, ila kwa wizi. Aliyekuwa akinitazamia niendako alidhani nimeahirisha safari. Wa nyumbani kwangu walidhani nimekwisha kufika. Na kila upande ulitulia kwa kuutegemea upande wa pili. Na kwenye kizuizi cha nje ya mji, kile tukiitacho bariere, ambapo tulisimama asubuhi tukalipa, daftari lilikuwapo, na kalamu ilikuwapo, na mwandishi alikuwapo; naye aliandika pikipiki moja, na fedha zake. Watu wawili waliokaa juu yake hawakuandikwa, kwa sababu hawakuwa na bei. Simlaumu mwandishi yule, maana aliandika alichoagizwa kuandika. Nawauliza walioagiza.

Wala nisidhaniwe kuwa naomba jambo geni lisilopata kuonekana katika nchi hii. Reli ya njia moja kwa kawaida huendeshwa kwa kanuni hii, ya kwamba garimoshi haliachiliwi kutoka stesheni mpaka ijulikane kuwa njia iliyo mbele ni tupu. Na likisha kutoka, hungojewa. Na likikawia, huulizwa. Kanuni hiyo ilipita hapa Nyunzu juu ya vyuma kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na majini nako tumejifunza kwa machozi: meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hesabu ya marehemu, ambayo ilitangazwa kuwa mamia kwa mamia, haikuweza kuthibitishwa jina kwa jina, na katika ziwa letu wenyewe, Desemba 2014, chombo cha Mutambala kilizama kikiwa kimejaa kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 100, na ndugu wakabaki bandarini wakiulizana nani alipanda na nani hakupanda.

Iko kanuni nyingine, ya kale zaidi, ambayo nayo ilipita nchi hizi, nayo ni ile ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ikapitia Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe na watumwa. Misafara ile haikuwa na upungufu wa hesabu: mizigo ilihesabiwa kambi kwa kambi, na mtu akianguka njiani asiweze kuendelea, mara nyingi mzigo wake ulitwikwa mwingine, na yeye akaachwa. Sisemi kwamba tumerudi katika zama hizo, la hasha. Lakini daftari liandikalo chombo na fedha, likamruka mtu, ukoo wake ni ule.

Basi ninaloliomba liwe kwa taratibu hii. Kwanza, katika kila kituo cha pikipiki pawe na daftari, litunzwe na chama cha madereva wenyewe, liandikwe jina la dereva, namba ya chombo, jina la abiria, aendako, saa ya kuondoka, na jina la mtu mmoja anayemtazamia huko. Na asiyejua kuandika aseme, aandikiwe. Pili, kila bariere itozayo pikipiki iandike pia saa ambayo dereva na abiria wamepita, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayowaambia watafutaji sehemu ya kutafuta: aliyeonekana katika bariere ya kwanza asionekane katika ya pili yumo baina ya hizo mbili, na pori lililokuwa halina mwisho litakuwa limepata mipaka. Tatu, kituo anakokwenda abiria kitoe habari ya kufika kwake kwa njia yoyote iliyopo, iwe simu penye mtandao, iwe redio ya foni ya parokia au ya zahanati, iwe kikaratasi anachopewa dereva wa kwanza arudiye. Na habari isipofika hata alfajiri ya pili, mwenye zamu ya daftari aanze kuuliza pasipo kungoja ruhusa ya mtu. Nne, katika fedha zinazotozwa kwenye bariere litengwe fungu dogo, liwekwe pahali panapojulikana, liwe la mafuta ya watafutaji na ujira wao.

Katika hao watafutaji, nasisitiza, wawemo Watwa, nao walipwe ujira ule ule alipwao mwingine yeyote. Hakuna aijuaye nyika hii kama wao, wala hakuna asomaye moshi na majani yaliyovunjika kama wao; nasi tumezoea kuwatumia bila malipo wakati wa haja na kuwasahau wakati wa karamu. Baada ya damu iliyomwagika baina ya jirani na jirani, sijui kazi iliyo bora ya kuwakutanisha tena kuliko Mluba na Mtwa kutumwa pamoja kumtafuta mtu ambaye hawajajua bado ni wa kabila gani.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Atasema mmoja kwamba katika nchi iliyowahi kuwa na watu wenye silaha njiani, orodha ya majina ni hatari, kwani atakayeipata atajua nani kapita na lini. Ni neno zito, nami silipuuzi; ndiyo maana nikasema daftari litunzwe na chama, si na askari, lisiandike mzigo wala fedha ya msafiri, na mtu akisha kufika jina lake likatwe na ukurasa uliokwisha uchomwe. Mwingine atasema kwamba daftari litageuzwa kuwa kisingizio cha kodi mpya; basi na itangazwe sokoni, kanisani na msikitini ya kwamba kuandikwa ni bure, na atakayemtoza abiria kwa kuandikwa ashitakiwe. Wa tatu atasema kwamba ajali ni kadari. Kweli ni kadari. Lakini kuanguka ndiko kulikoandikwa na Mola, na kuachwa pale mtu alipoanguka ni kazi ya mikono yetu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Lakini aliyekufa porini pasipo kuandikwa po pote, mifupa yake ikaja ikaonwa na wachoma mkaa, hana hakika ya kuingia hata katika hesabu hiyo.

Kwenu vijana madereva nina maneno machache, maana mengi mwayajua kunishinda. Katika nchi jirani ya Rwanda, dereva wa abiria huchukua kofia ngumu mbili, yake na ya mgeni wake, wala hapakii zaidi ya mtu mmoja, na biashara yake haikufa kwa sababu hiyo. Mwambieni abiria kabla ya kuondoka jinsi ya kukaa, ajisogeze karibu, asijipinde kinyume. Mchukue, pamoja na pampu na viraka, maji na kamba. Na mmwonyeshe walau jinsi ya kuzima chombo na kuelekea kijiji kilicho karibu, ili siku mtakapolala chini ninyi, yeye aliyesimama asiwe kipofu. Na daftari lenyewe msilione kuwa ni mzigo wa polisi: siku mtakapokawia, ndilo litakaloshuhudia kwamba hamkuiba, bali mmepatikana na ajali.

Na kwenu wakuu, narudi kusema kwamba siombi lami. Ufundi wa barabara una mahali pake, na tangu mwaka 2008 nchi yetu ina mfuko wa taifa wa kuzitengeneza barabara, FONER, nao wenye kuudai wapo na waendelee kuudai. Lami yaweza kuchukua umri wa mtoto. Daftari lachukua asubuhi moja na bei ya kalamu. Naomba lijaribiwe kwanza katika njia moja tu, ile ya Nyunzu kwenda Kalemie kupitia Niemba, lianze kabla ya mvua za mwaka huu, na atajwe kwa jina, mbele ya watu, yule ambaye ni wajibu wake kuuliza abiria anapokawia. Msipoweza hilo, tuambieni sababu yake hadharani kama nilivyouliza hadharani. Na mkiweza, agizo lenu kwa mwandishi wa bariere liwe fupi, ya kwamba kabla hajaandika fedha aandike watu.

Wakatabahu abiria wenu, mwalimu mstaafu, Nyunzu.